Ahadi kwa Mkubwa, Ahadi kwa Mdogo: Uhafidhina wa Kiingereza na Sheria ya Mataifa katika Bahari Yetu

Katika maandishi mengi ya watu wetu kuhusu Zanzibar na Oman, mkataba huonekana kwa sura mbili tu. Kuna anayeushika kama hati ya shamba: ulitiwa saini, una muhuri, basi haki ni yetu na aliyeuvunja ni mkosa. Na kuna anayeucheka: ni karatasi ya mkoloni, aliiandika mwenyewe, akaifuta mwenyewe, na aliyedanganyika ni sisi tuliyoitunza sandukuni. Sauti hizi mbili tumezisikia katika mabaraza ya Maskati, katika mikusanyiko yetu ya London, na katika kurasa za majarida kama hili. Kila moja ina sehemu yake ya ukweli. Lakini zote mbili zinaliruka swali ambalo sisi tunaona ndilo lingepaswa kuulizwa mwanzo: yule aliyekaa upande wa pili wa meza, yeye mwenyewe alikuwa akiamini nini kuhusu sheria ya mataifa?

Tunauliza hivyo kwa sababu mtu huyo, katika saa nyingi nzito za historia yetu, alikuwa mhafidhina. Manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya kasri ya Sayyid Barghash mwaka 1885, Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa Lord Salisbury. Alikuwa yeye tena mwaka 1886 mwambao ulipopimwa maili kumi, mwaka 1890 Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya, na mwaka 1896 kasri ilipopigwa mizinga. Mpwa wake, Arthur Balfour, ndiye aliyekuwa madarakani kesi ya majahazi ya Maskati ilipoamuliwa The Hague mwaka 1905. Anthony Eden alikuwa Waziri Mkuu Buraimi ilipochukuliwa mwaka 1955, na Harold Macmillan ndege za Kiingereza ziliposhambulia Oman ya ndani mwaka 1957. Hatusemi kwamba Waliberali au wafuasi wa Chama cha Leba walikuwa watu wa haki zaidi. Aliyeupiga mizinga mji wa Alexandria mwaka 1882 alikuwa Gladstone, na alikuwa Mliberali mcha Mungu. Tunasema tu kwamba kuna fikra maalumu iliyotugusa sisi, na fikra hiyo haijasomwa inavyostahili.

Wazee wawili wa nyumba moja

Mhafidhina wa Kiingereza hupenda kusema kwamba hana nadharia. Ana mila, ana desturi, ana mambo yaliyojaribiwa na wakati. Lakini nyumba hii ina wazee, na wawili kati yao walitoa majibu mawili tofauti kwa swali letu.

Wa kwanza ni Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin. Katika uhai wake alikuwa wa kundi la Whig, lakini tangu alipoandika dhidi ya Mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1790 wahafidhina wamemfanya mzee wao. Burke hakuziamini haki zilizochongwa kichwani mwa mwanafalsafa. Aliamini haki zilizorithiwa. Mtu angedhani basi kwamba angeidharau sheria ya mataifa, ambayo haina bunge wala askari. Kinyume chake, mwaka 1781, Admirali Rodney alipokiteka kisiwa cha Kiholanzi cha St Eustatius na kunyang'anya mali za wakazi, Burke alisimama Bungeni akasema kwamba mshindi ana mipaka yake, na mipaka hiyo imo katika sheria ya mataifa. Na mwaka 1788, alipofungua mashtaka dhidi ya Warren Hastings, aliyekuwa Gavana Mkuu wa India, alipinga kwa ukali wazo kwamba maadili yanayombana Mwingereza akiwa London humwachia akivuka bahari. Hastings alijitetea kuwa watawala wa Asia walizoea kutawala kwa amri tupu. Burke akajibu kwamba huo ni uzushi: mtawala Mwislamu naye yuko chini ya sheria, na sheria yake imeandikwa. Msomaji wetu hatahitaji kuelezwa uzito wa kauli hiyo ikitoka katika kinywa cha mbunge wa Kiingereza wa karne ya 18. Hastings aliachiwa huru mwaka 1795, lakini hoja ilibaki: ahadi ni urithi, na mrithi hachagui deni la kulipa.

Mzee wa pili ni Salisbury mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1830 katika ukoo uliomtumikia Malkia Elizabeth wa Kwanza, na aliandika makala nyingi za siasa kabla ya kuwa waziri. Alikuwa mtu wa dini, msomi, asiyependa makelele ya vita. Mwaka 1887 aliwaambia Malodi kwamba sheria ya mataifa haipo kwa maana ambayo watu huelewa neno sheria. Inategemea, alisema, mapendeleo ya waandishi wa vitabu, na hakuna mahakama inayoweza kuitekeleza. Miaka 11 baadaye, katika hotuba ya Mei 1898, aliyagawa mataifa ya dunia kuwa yaliyo hai na yanayokufa, akatabiri kwamba yaliyo hai yataendelea kuzimega ardhi za yanayokufa.

Si haki kumwacha Salisbury hapo. Mtu huyuhuyu alikubali mgogoro wa mpaka wa Venezuela upelekwe kwa wasuluhishi. Serikali yake ilitia saini mkataba wa usuluhishi na Marekani mwezi wa Januari 1897, na Seneti ya Marekani ndiyo iliyoukataa. Na katika mkutano wa The Hague wa 1899 mjumbe wake, Sir Julian Pauncefote, alikuwa mstari wa mbele kupendekeza mahakama ya kudumu ya usuluhishi. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba aliichukia sheria. Tunaona alikuwa na kipimo kilicho wazi: sheria ni kitu cha kutumiwa baina ya madola yanayoweza kuumizana. Pale ambapo kuvunja ahadi kuna gharama, ahadi ni sheria. Pasipo na gharama, ni busara tu, na busara hubadilika na upepo.

Zanzibar: nani alikumbushwa na nani alisahauliwa

Kipimo hicho tukichukue hadi Unguja. Mwezi wa Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zilitoa tamko la pamoja mjini Paris kwamba zitauheshimu uhuru wa masultani wawili, wa Maskati na wa Zanzibar. Mwaka mmoja kabla, Lord Canning, Mwakilishi wa Malkia huko India, alikuwa ameamua ugomvi wa watoto wa Sayyid Said kwa kuzigawa nchi na kuiamuru Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Hati hizi mbili zilikuwa ndizo cheti cha kuzaliwa cha dola ya Zanzibar mbele ya Ulaya.

Carl Peters alipozunguka bara mwishoni mwa 1884 akikusanya alama za masheikh na machifu, na Kaizari akampa hati ya ulinzi Februari 1885, Sayyid Barghash alipinga. Alikuwa na haki ya kupinga, na alikuwa na tamko la 1862. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikaja. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekuwa msiri wa Sayyid kwa miaka mingi, akawa mtu wa kumshauri akubali. Kisha ikaundwa tume ya kupima mipaka ya Sayyid, yenye Mwingereza, Mfaransa na Mjerumani. Mwenye nchi hakupewa kiti. Mwishoni mwa 1886 London na Berlin zikapatana: visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi ni vya Sayyid, na bara iliyo nyuma yake ikagawanywa baina yao. Barghash akaridhia mwezi wa Disemba, maana la kufanya hakuwa nalo. Alifariki Machi 1888.

Lakini lenye somo kubwa zaidi kwetu ni lililotokea 1890. Salisbury alipopatana na Ujerumani kuhusu Heligoland na Zanzibar, Sayyid Ali bin Said akakubali himaya ya Uingereza, na Ujerumani ikaununua mwambao wa upande wake kwa marki milioni nne. Hapo Ufaransa ikasimama: na tamko la 1862 je? Tuliahidi pamoja kuuheshimu uhuru wa Zanzibar. Huwezi kuubadilisha peke yako. Paris haikuambiwa kwamba sheria ya mataifa ni mapendeleo ya waandishi wa vitabu. Ilisikilizwa mara moja. Agosti 1890 Uingereza ikaitambua himaya ya Ufaransa juu ya Madagascar, mambo ya Sahara yakapangwa, na Ufaransa ikainyamazia Zanzibar.

Tuitazame hati ileile ya 1862 mikononi mwa watu wawili. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya uhuru wa Sultani. Sultani alipoishika, ilikuwa karatasi. Ufaransa ilipoishika, ilikuwa fedha, na ikalipwa kwa kisiwa cha watu wengine. Wamadagascar nao hawakuulizwa. Ndiyo maana tunasema wanaokosea ni wote wawili, anayesema mkataba ulikuwa na nguvu na anayesema haukuwa nayo. Mkataba ulikuwa na nguvu, ila nguvu hiyo haikuwa ya yule uliyemtaja.

Miaka sita baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, kasri ilipigwa mizinga kwa dakika zipatazo arubaini, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alikikalia kiti bila idhini ya balozi wa Uingereza. Kila mtoto wa Unguja ameisikia habari hii. Kisichosimuliwa sana ni mwisho wake. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza walimtaka. Wajerumani wakakataa, kwa hoja kwamba mkataba wao wa kurudishana wahalifu hauwagusi watu wa siasa. Askari wakawekwa nje kumsubiri akanyage ardhi ya Zanzibar. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani iliingia mpaka kwenye bustani ya ubalozi, Khalid akapanda kutoka ardhi ya ubalozi moja kwa moja, akapelekwa Dar es Salaam. Mji uliokuwa umepigwa mizinga bila kusita sasa ulikuwa na askari waliosimama wakitazama, kwa kuheshimu hatua chache za ardhi ya ubalozi. Sheria ilikuwepo siku ile Unguja, na ilimlinda mtu wetu mmoja, kwa kuwa alikuwa amesimama ndani ya uzio wa dola kubwa.

Majahazi ya Sur mbele ya majaji

Wazee wetu husema dau la mnyonge haliendi joshi. Manahodha wa Sur waliielewa methali hiyo vizuri kuliko mwanasheria yeyote. Majahazi yao yalikuja Unguja na kaskazi na kurudi na kusi, na njiani yalikutana na manowari za Kiingereza zenye ruhusa ya kuyapekua kutafuta watumwa. Ufaransa ilikuwa imekataa meli zake kupekuliwa na Waingereza. Basi nahodha wa Sur aliyepata hati na bendera ya Kifaransa alipita salama. Wengine walibeba tende na chumvi. Wengine walibeba watu. Ni lazima tuliseme hili bila kuling'arisha, maana wapo kati yetu waliotokana na waliokuwa na majahazi, na wapo waliotokana na waliokuwa chini ya sitaha.

Uingereza ilidai kwamba Ufaransa inamnyang'anya Sultani wa Maskati raia wake. Oktoba 1904, miezi michache baada ya Uingereza na Ufaransa kupatana kuhusu Misri na Morocco, serikali ya Balfour ilikubali shauri hili lipelekwe katika Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Wasuluhishi walikuwa Heinrich Lammasch wa Austria, Melville Fuller aliyekuwa Jaji Mkuu wa Marekani, na de Savornin Lohman wa Uholanzi. Hukumu ilitoka tarehe 8 Agosti 1905. Walisema kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku ambayo Ufaransa iliuridhia Mkataba wa Brussels wa kupinga biashara ya watumwa, Ufaransa ilikuwa huru kumpa bendera iliyemtaka kwa sheria zake. Baada ya siku hiyo, ni wale tu walioweza kuthibitisha kuwa walikuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa kabla ya 1863. Haki ya bendera haikuwa ya kurithisha wala ya kumpa mwingine au jahazi jingine. Na mwenye bendera hakutoka katika mamlaka ya Sultani wake.

Ni hukumu nzuri. Imeandikwa kwa utulivu, haikumwonea Mfaransa wala Mwingereza, na hadi leo wanasheria huitaja. Tunawapa wahafidhina wa zama zile haki yao: walikubali kuamuliwa, na walipoamuliwa walitii. Lakini tuitazame meza. Nahodha hakuwepo. Watumwa, ambao kwa ajili yao Mkataba wa Brussels uliandikwa, hawakuwepo. Sayyid Faisal bin Turki hakuwa mmoja wa wadaawa katika kesi iliyohusu raia wake, bandari zake na bahari yake. Aliyemsemea uhuru wake alikuwa Mwingereza, ambaye mwezi wa Machi 1891 alikuwa amemfunga kwa ahadi kwamba yeye na warithi wake hawatatoa, hawatauza wala hawataweka rehani sehemu yoyote ya nchi isipokuwa kwa serikali ya Uingereza. Mwaka 1899, baada ya Faisal kuwa amewapa Wafaransa mahali pa kuwekea makaa huko Bandar Jissa, alitishwa kwa manowari hadi akaifuta ruhusa hiyo. Miaka sita baadaye, The Hague, aliambiwa kupitia wakili asiyemchagua kwamba yeye ni mtawala kamili.

Katika fikra ya Salisbury hapa hapana mgongano. Uhuru wa mdogo ni hoja ya mkubwa dhidi ya mkubwa mwenziwe. Katika fikra ya Burke mgongano upo, tena mkubwa, maana Burke angeuliza: umeahidi nini, na umemwahidi nani?

Buraimi: mahakama inapoachwa njiani

Nusu karne baadaye jaribio lilikuja tena, safari hii jangwani. Saudi Arabia ilidai chemchemi ya Buraimi, ambako vijiji vingine vilikuwa vya Abu Dhabi na vingine vya Sultani Said bin Taimur. Mwaka 1952 kikosi cha Kisaudi kiliingia Hamasa. Watu walijaa kutaka kukitoa kwa nguvu, na Uingereza ikamshauri Sultani azuie mkono. Tarehe 30 Julai 1954, Churchill akiwa Waziri Mkuu na Eden Waziri wa Mambo ya Nje, mkataba wa usuluhishi ulitiwa saini Jeddah. Jopo la watu watano, likiongozwa na Mbelgiji Charles De Visscher, lilikaa Geneva Septemba 1955. Uingereza ilikuja na malalamiko makubwa: kwamba Saudi Arabia inawahonga watu wa Buraimi, na kwamba msuluhishi wa Kisaudi, Yusuf Yasin, anaiendesha kesi ya upande wake. Kabla jopo halijatoa uamuzi, msuluhishi wa Kiingereza, Sir Reader Bullard, alijiuzulu, na De Visscher naye akajitoa. Tarehe 26 Oktoba, Levi za Trucial Oman zilizoongozwa na maofisa wa Kiingereza, pamoja na watu wa Sultani, ziliichukua Buraimi. Siku hiyohiyo Eden alitangaza Bungeni.

Hatutaki kulifanya jambo hili jepesi. Malalamiko ya hongo hayakuwa ya kubuni. Na Waomani wengi, hata leo, hawalii kwa Buraimi kubaki mikononi mwa wenyewe. Hapa mkono wa mhafidhina ulisukuma upande wetu. Ndiyo sababu mfano huu unatupima sisi wenyewe: je, tunaihukumu njia pale tu matokeo yanapotuumiza?

Njia ile ilikuwa na mtoto. Desemba 1955 majeshi ya Sultani yaliingia Nizwa, na Uimamu wa Ghalib bin Ali ukaondolewa. Baina ya Maskati na Oman ya ndani kulikuwa na makubaliano ya Sib ya tarehe 25 Septemba 1920, yaliyosimamiwa na Mwingereza Ronald Wingate. Upande wa Imamu ulisema ule ni mkataba wa dola mbili. Uingereza na Sultani walisema ni mapatano ya ndani, ya mtawala na makabila yake. Wasomaji wetu wamegawanyika katika hili na sisi hatutawasuluhisha hapa. Tunalotaka waone ni kwamba swali lenyewe halikupelekwa kwa jaji yeyote. Vita vilipozuka 1957 na ndege za Kiingereza zikapiga, nchi 11 za Kiarabu ziliomba Baraza la Usalama lilijadili. Tarehe 20 Agosti kura zikapigwa kuhusu kuliweka tu katika ajenda: nne zilikubali, tano zilikataa, Marekani haikuchagua upande. Likafungwa kabla halijafunguliwa.

Na kati ya Buraimi na vita hivyo ipo Suez. Mwaka 1956 Eden hakumshirikisha inavyopasa mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, Gerald Fitzmaurice, aliyekuwa akisema wazi kwamba kuivamia Misri hakuna msingi wa kisheria. Mwanasheria Mkuu, Manningham-Buller, mhafidhina kamili, naye hakuafiki hoja ya kisheria iliyotolewa. Aliyempa Eden faraja alikuwa Lord Kilmuir. Tunaliona hili kuwa muhimu: waliomwonya Eden hawakuwa wanamapinduzi. Walikuwa watu wa mila, waliojua kwamba Uingereza iliweka saini yake kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 1945 na kwamba saini ni saini. Ndani ya nyumba ileile, mzee Burke alikuwa bado ana wajukuu. Walishindwa tu na wajukuu wa Salisbury.

Hoja yao tuisikie

Mhafidhina makini ana jibu, na tusipolisikia tutakuwa tunapiga kivuli. Atasema: sheria isiyo na mtekelezaji humdanganya mnyonge kuliko inavyomsaidia. Mnampa Barghash tamko la 1862, anajenga juu yake, kisha manowari zinakuja. Bora angejua tangu mwanzo kwamba kinga yake ni rafiki mwenye nguvu, si karatasi. Atasema pia kwamba Umoja wa Mataifa wenyewe ulimkatalia Imamu hata mjadala mwaka 1957. Na Baraza Kuu lilipopitisha azimio kuhusu Oman mwaka 1965, ni kipi kilichobadilika mlimani?

Hoja hii ina nguvu, na wengi wa wazee wetu waliopoteza nchi wangeikubali kwa machungu. Lakini ina pengo. Salisbury alisema hakuna mahakama ya kutekeleza sheria. Mwaka 1905 mahakama ilikuwepo, na mwaka 1955 pia ilikuwepo. Udhaifu wa sheria haukuwa kama udhaifu wa hali ya hewa, ambao mwanadamu hana la kuufanya. Ulitengenezwa kila mara na maamuzi ya watu: nani apewe kiti, shauri gani liende kwa jaji, lini wakili afunge mafaili. Anayeliacha jopo njiani hawezi kuja kesho akatoa ushahidi kwamba majopo hayafai.

Kuna pengo la pili, na hili linatoka katika imani yao wenyewe. Uhafidhina unajivunia kuheshimu yaliyorithiwa. Lakini Zanzibar ya Sayyid Barghash ilikuwa na urithi: nasaba, makadhi, forodha, mikataba na Marekani tangu 1833, na Uingereza na Ufaransa baadaye. Mwenye kuamini kweli kwamba kilichodumu kina haki ya kudumu angekiona hicho. Salisbury alikiona chake cha Hatfield, hakukiona cha Mji Mkongwe. Kasoro yake kubwa, kwa maoni yetu, ilikuwa kwamba uhafidhina wake uliishia mlangoni kwake.

Mambo haya hayajafungwa. Visiwa vya Chagos, katika bahari hiihii yetu, vilitengwa na Mauritius mwaka 1965, chini ya serikali ya Leba, na wakazi wake wakahamishwa. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Haki ya Kimataifa ilitoa maoni, majaji 13 kwa mmoja, kwamba Uingereza inapaswa kuumaliza utawala wake huko upesi iwezekanavyo. Serikali ya wahafidhina ikajibu kwamba hayo ni maoni ya ushauri tu. Hata hivyo ni serikali ya wahafidhina iliyoanza mazungumzo na Mauritius mwaka 2022, na ni wahafidhina hao walioupinga mkataba uliotiwa saini Mei 2025 na serikali iliyowafuata. Wazee wawili bado wanabishana nyumbani mle. Na Wachagosi wenyewe bado wanalalamika kwamba mezani hawakuwa na kiti, kama tume ya 1886, kama The Hague mwaka 1905.

Tusome vipi

Tunarudi kwa zile sauti mbili za barazani. Anayeshika mkataba kama hati ya shamba tunamwomba aongeze maswali matatu kila anapofungua sanduku: nani alitia saini, nani alitajwa bila kuulizwa, na kulikuwa na jaji ambaye mdogo angeweza kumwendea kwa miguu yake mwenyewe? Anayeicheka karatasi tunamwomba amkumbuke Khalid akipanda mashua maji yakiwa yamejaa. Askari waliomzunguka walikuwa na bunduki na hawakufyatua.

Na sote tujiulize la nyumbani. Ahadi ya Sib ilikuwa baina yetu. Ruzuku aliyoiamuru Canning ilikuwa baina ya ndugu wa baba mmoja, nayo iligombewa. Watu wa chini ya sitaha walikuwa na haki gani katika mikataba tunayoisifu? Tukimlaumu Salisbury kwa kupima ahadi kwa ukubwa wa anayeahidiwa, tuhakikishe kipimo hicho hakipo katika maandishi yetu wenyewe. Ahadi ni deni, na lugha yetu haikusema deni kwa nani.